Waya wa Bonsai: Shaba, Alumini au Mkasi Peke Yake?

Anayeanza kulea bonsai hupokea mashauri yanayogongana kabla hajapinda hata tawi moja. Kitabu kimoja kinamtaka anunue waya wa shaba. Kingine kinasema shaba ni ya mafundi waliobobea, mwanafunzi ashike alumini. Huyu anasema waya ukae mwaka mzima, yule anaonya kwamba wiki sita zikipita utakuwa umezama ndani ya gome. Wapo wanaoelekeza mti ufungwe wakati wa baridi kali, majani yakiwa yamepukutika, shauri ambalo mkazi wa Tanga au Mombasa hana pa kulitumia. Na wapo wanaosema waya ni kosa tangu mwanzo, mkasi unatosha.

Mkanganyiko huu una gharama. Matawi yaliyolelewa kwa miaka hupata makovu ya mzunguko yasiyofutika, mengine hukauka, na mlezi hukata tamaa akidhani hana mkono wa kazi hii. Mara nyingi mkono hauna kosa. Shauri alilofuata lilikuwa sahihi, ila kwa mti mwingine na katika hewa nyingine. Kila upande katika mabishano haya una ukweli wake, na ukweli huo una mipaka ambayo wanaoupokea hawaelezwi.

Waya uliingia lini

Sanaa hii ni ya kale kuliko waya wake. Katika kaburi la mwanamfalme Zhanghuai nchini Uchina, ambalo michoro yake ni ya mwaka 706 hivi, wanaonekana watumishi waliobeba vyombo vyenye mawe na mimea midogo. Huko Japani, michoro ya Kasuga Gongen Genki ya mwaka 1309 inaonyesha miti midogo iliyopandwa kwenye sinia. Kwa karne zote hizo matawi yalielekezwa kwa kamba, mianzi, mawe ya kuning'iniza na mkasi. Mafundi wa Yangzhou walifikia ustadi mkubwa wa kupinda matawi kwa nyuzi za jamii ya mitende, wakiyafunga fundo kwa fundo mpaka majani yakae kwa matabaka bapa.

Waya wa kuzungushiwa tawi lote ulienea Japani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, metali ilipokuwa rahisi kupatikana. Baada ya tetemeko kubwa la Kanto la mwaka 1923, walezi wa miti waliohama Tokyo walianzisha kijiji cha bonsai huko Omiya mwaka 1925, na kazi ya waya ikawa sehemu ya mafunzo ya kila siku ya wanagenzi wa huko. Kutoka Japani ilivuka bahari. Kitabu cha John Naka kilichotoka Marekani mwaka 1973 kiliwafundisha maelfu ya wasomaji wa Kiingereza namna ya kuzungusha waya hatua kwa hatua.

Historia hii ina maana kubwa kwa mabishano ya leo. Sehemu kubwa ya kanuni tunazozisoma zilitungwa na watu waliokuwa wakishughulikia misonobari, juniperi na miti ya mepo, katika nchi yenye majira manne, ambako mti hupumzika kwa miezi kadhaa kila mwaka. Kanuni hizo zilipimwa kwa miti hiyo zikafaulu. Hazikupimwa kwa fikasi inayokua Januari hadi Desemba.

Kinachotokea ndani ya tawi

Tawi likipindwa, nyuzi za upande wa nje huvutwa na za upande wa ndani hubanwa. Ukiliachia, linarudi lilikotoka. Waya hauna uwezo wa kulibadilisha tawi, unalishika tu. Kinacholifanya libaki na umbo jipya ni ukuaji wa mti wenyewe. Chini ya gome kuna tabaka jembamba liitwalo kambiumu, ambalo hutengeneza mbao mpya upande wa ndani na gome jipya upande wa nje. Kila tabaka la mbao linaloongezeka wakati tawi limeshikwa huwa limezaliwa katika umbo lile jipya. Matabaka hayo yakiwa mengi kiasi cha kuzishinda nyuzi za zamani zinazotaka kurudi, waya unaweza kutolewa na tawi likatulia.

Mti nao una mapenzi yake. Tawi lililoshushwa hutafuta kuinuka tena. Misonobari na jamii yake hutengeneza mbao nzito upande wa chini wa tawi, zinazolisukuma juu; miti ya majani mapana hutengeneza upande wa juu mbao zinazolivuta. Ndiyo sababu tawi lililoonekana kukubali hupatikana limepanda kidogo miezi michache baada ya waya kutolewa, na kufunga mara ya pili au ya tatu si dalili ya kushindwa.

Kitendawili cha kazi hii yote kiko hapa: ukuaji uleule unaolishika tawi ndio unaolinenepesha hadi gome likutane na waya. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kwa njia ya tabaka la ndani la gome. Waya ukibana, njia hiyo inasongwa, gome linavimba juu ya mbano, na alama ya mzunguko inachorwa. Ukiachwa zaidi, mbao mpya huumeza waya, na kuutoa ni kulijeruhi tawi upya. Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayoshindana kwa kasi. Moja ni muda ambao tawi linahitaji ili lishike umbo. La pili ni muda ambao gome linahitaji ili lifikie waya. Mti ambao unashika kabla ya kuvimba ni rahisi. Mti ambao unavimba kabla ya kushika ni mgumu, na hakuna metali itakayoubadilisha.

Wanaosema waya ni mateso kwa mti wanastahili jibu la heshima. Mti hauna neva. Milimani matawi hulemewa na theluji na upepo hadi yakaelekea chini maisha yote, na mti ukastawi. Madhara ya kweli ya waya yanaweza kuonekana na kupimwa: gome lililosongwa, nyuzi zilizopasuka, tawi lililokauka. Yote matatu hutokana na waya uliowekwa vibaya au uliosahauliwa. Hoja yao ina nguvu dhidi ya uzembe, haina nguvu dhidi ya waya.

Shaba, alumini na waya wa nondo

Shaba ina sifa moja inayoifanya ipendwe: hulainika ikichomwa na hukakamaa ikipindwa. Fundi huichoma mpaka iwe nyekundu iliyofifia, mbali kabisa na nyuzijoto 1,085 ambazo huiyeyusha, kisha huiacha ipoe. Japani ya zamani ilitumia moto wa mabua ya mpunga, ambao joto lake linatosha bila kuiharibu. Ikishazungushwa tawini na kupindwa mara moja, inakaza na kushika kwa nguvu. Waya mwembamba wa shaba hufanya kazi ya waya mnene zaidi wa alumini, na rangi yake hufifia ikafanana na gome. Katika Kokufu-ten, maonyesho makubwa ya Tokyo yaliyoanza mwaka 1934, misonobari huonekana jukwaani ikiwa bado na waya wake wa shaba, na hakuna anayeshtuka.

Udhaifu wake unatoka palepale. Shaba iliyokwisha kukaza haikubali kusahihishwa. Asiye na uzoefu akikosea mzunguko, akaufungua na kuurudia, anakuwa ameshika waya mgumu unaokwaruza gome laini. Bei yake pia ni kubwa.

Alumini ni laini, nyepesi, haihitaji kuchomwa, na inauzwa ikiwa imetiwa rangi ya kahawia au nyeusi. Inasamehe makosa. Lakini kwa sababu ni dhaifu, unene wake lazima uongezwe, na kwenye msonobari wenye vitawi vingi vyembamba mzigo huo huonekana mzito na kuficha machipukizi. Kanuni inayorudiwa na walimu wengi ni kwamba waya wa alumini uwe theluthi moja ya unene wa tawi, na wa shaba uwe mwembamba kuliko huo, karibu nusu yake kwa matawi mengi. Kanuni hiyo ni mwanzo tu. Mbao za mzeituni mwitu hukaidi, za fikasi changa hukubali, hata kama matawi yao yana unene mmoja.

Hapa hesabu ndogo inaokoa fedha na matawi. Nguvu ya waya wa duara kuzuia kupindwa hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Waya mmoja wenye unene mara mbili hushika mara nane. Nyaya mbili zilizolazwa sambamba hushika mara mbili tu. Anayerundika nyaya nyembamba tatu au nne kwenye tawi moja anafunika gome lote na bado hafikii kazi ya waya mmoja uliochaguliwa vizuri. Upande wa tawi mambo ni makali zaidi: ukakamavu wake hupanda kwa kipeo cha nne, maana yake tawi lililonenepa mara mbili ni gumu mara kumi na sita. Kuchelewa mwaka mmoja kwenye mti unaokua haraka kunaweza kulifanya tawi lililokuwa la vidole liwe la nyenzo.

Wengi katika miji yetu hupata shaba kwenye nyaya za umeme wa nyumbani. Ni chanzo kizuri, mradi uwe ule wenye uzi mmoja mnene. Ule wa nyuzi nyingi nyembamba haushiki kitu. Namba zilizoandikwa juu yake huwapotosha watu, kwa sababu 1.5, 2.5 na 4 ni eneo la mkato kwa milimita za mraba, si unene. Unene wenyewe ni takribani milimita 1.4, 1.8 na 2.3. Plastiki ivuliwe kwa kisu kabla ya kuchoma, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Na asili ya shaba iulizwe. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisitisha biashara ya vyuma chakavu baada ya hujuma kwenye miundombinu ya umeme. Mti mzuri hauwezi kusimama juu ya nguzo ya mtu iliyoangushwa.

Waya mweusi wa kufungia nondo ndio wa bei nafuu kuliko zote na unapatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Ni chuma kilicholainishwa, kwa hiyo hupindika vizuri. Shida yake ni kutu, hasa pwani, na ugumu wake unapofika wakati wa kuukata karibu na gome. Kwa kuvuta tawi kutoka mbali unafaa. Kwa kuzungushia tawi haufai, ila pale ambapo hakuna kingine na mlezi yuko tayari kuutoa mapema.

Njia ya Guangzhou

Kusini mwa Uchina, katika jimbo la Guangdong, ilikua shule inayoitwa Lingnan, ambayo katika karne ya 20 ilijulikana kwa kazi za watu kama Kong Taichu na mtawa Suren. Wao waliuweka mkasi mbele. Tawi huachwa likue bila kuguswa mpaka unene wake ulingane na lile lililolizaa, kisha hukatwa juu ya jicho linaloelekea upande unaotakiwa. Jicho hilo hutoa tawi jipya, nalo huachwa linenepe, nalo hukatwa. Kila mkato unaongeza kona na kila kipande kinakuwa chembamba kuliko kilichotangulia. Matokeo yake ni matawi yenye pembe kali na kupungua kwa unene ambako waya hauwezi kukutengeneza.

Walezi wa Afrika Mashariki hawajaitazama shule hii vya kutosha, na sababu ya kuitazama ni hali ya hewa. Guangzhou, jiji la jimbo hilo, lina joto na mvua nyingi, ambako tawi lililokatwa hurudi kwa kasi. Njia inayotegemea kukata na kusubiri haikuzaliwa hapo kwa bahati. Mlezi wa msonobari aliyejaribu njia hiyo kwenye nchi ya baridi angezeeka akisubiri, na misonobari mingi haichipui kwenye mbao kuukuu zisizo na sindano. Fikasi huchipua hata kwenye shina tupu. Mbuyu, bogenvilia na mkwaju navyo hukubali kukatwa na kuchipua tena.

Njia hii ina gharama zake. Inachukua miaka, na katika miaka hiyo mti hauna sura ya kuonyesha mtu. Haiwezi kushusha tawi lililoota likielekea mbinguni, wala kulihamisha tawi lililopo kwenda kuziba pengo. Jicho likiota upande usiotarajiwa, mlezi hana budi kukata tena na kusubiri tena. Ndiyo maana hata wanaoipenda njia hii hutumia waya kidogo mwanzoni, tawi likiwa changa, kuweka uelekeo wa kwanza, kisha wakauacha.

Kamba, mawe na vigingi

Kati ya waya na mkasi kuna njia ya kuvuta: uzi au waya mwembamba unafungwa kwenye tawi, ukiwekewa kipande cha mpira au ngozi ili usikate gome, na mwisho wake unashikizwa kwenye ukingo wa chungu, mzizi mnene au kigingi. Tawi zima linabaki huru kunenepa, hakuna kovu la kuzunguka, na mvuto unaweza kuongezwa kidogo kidogo. Kwa kushusha tawi nene la mti unaovimba haraka, ni njia bora kuliko kulizungushia waya. Lakini huvuta upande mmoja tu na haitengenezi mikunjo. Mawe ya kuning'iniza ni duni zaidi: kusi au kaskazi ikivuma, jiwe hubembea, tawi hutikisika na mizizi haitulii.

Kufunga lini, kutoa lini

Vitabu vya Japani, Ulaya na Marekani hutoa kalenda iliyo wazi. Miti inayopukutisha majani hufungwa kabla ya machipukizi kufunguka, wakati matawi yote yanaonekana, au mapema kiangazi majani yakishakomaa. Misonobari na juniperi hufungwa kuanzia mwisho wa vuli lao hadi majira ya baridi. Kalenda hiyo ina mantiki: wakati wa mapumziko gome halitelezi kirahisi juu ya mbao, na ukuaji wa majira yanayofuata hushika umbo.

Kwetu hakuna baridi ya kulaza mti. Kinachoongoza ni maji na joto: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na kwenye miinuko kama Nairobi, iliyo juu ya mita 1,700, kipupwe cha Juni hadi Agosti kinachopunguza kasi bila kuisimamisha. Na kwenye bonsai hata mvua si mwamuzi wa mwisho, kwa sababu mti wa chunguni humwagiliwa na kulishwa mbolea mwaka mzima. Kwa hiyo tarehe ya kitabu haifai, na kuitafsiri kuwa tarehe ya kwetu haifai pia. Linalobaki ni kuujua mti.

Fikasi ndiyo mti wa wengi na ndiyo yenye makovu mengi. Gome lake ni laini na jembamba, na kovu likiingia hukaa miaka. Katika joto la pwani, tawi lenye nguvu linaweza kuufikia waya ndani ya wiki nne hadi nane. Habari njema ni kwamba nalo hushika haraka. Hivyo waya uwekwe na nafasi kidogo, utazamwe kila wiki kuanzia ya tatu, na utolewe dalili ya kwanza ikionekana, hata kama tawi halijashika. Likirudi, lifungwe upya kwa kuzungusha kinyume cha mara ya kwanza, ili waya usipite kwenye njia ileile. Kupunguza majani kabla ya kufunga hurahisisha kazi, ila kwa mti wenye afya tu.

Bogenvilia ni kinyume chake kwa jambo moja: haisamehe kuchelewa. Chipukizi lake la kijani hupindika. Likishakomaa na kuwa mbao huvunjika bila onyo. Dirisha la kulifunga ni pale linapoanza kugeuka rangi. Mbuyu na waridi la jangwani vina mwili mnene wenye maji, na waya huacha alama karibu mara moja. Spekboom ya Afrika Kusini iko katika kundi hilohilo. Kwa hivi vyote mkasi utawale, na waya ukitumika uwe wa wiki chache.

Upande wa pili kuna mwangati, unaoitwa pia mtarakwa, juniperi pekee iliyo ya asili kusini mwa ikweta. Mbao za juniperi hupindika kwa kiwango cha kushangaza lakini huchelewa kushika. Waya hukaa miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka, na hurudiwa. Gome lake la nyuzi huficha makovu, kwa hiyo kuchelewa kidogo hakuuharibu mti. Kuna hata wakuzaji wa juniperi na misonobari michanga wanaoacha waya uzame kwa makusudi, ili mbao zivimbe na shina lipate unene na msokoto. Ni mbinu halali kwa miti hiyo. Ikipelekwa kwenye fikasi inakuwa uharibifu, na huu ni mfano mmoja wa shauri lililosafiri bila mti wake. Miche ya mwangati itafutwe kwenye vitalu. Kung'oa msituni mti uliochukua miongo kukua si njia ya mtu anayeupenda.

Mvinje uko katikati. Matawi yake membamba yanalegea na hayashiki umbo kwa urahisi bila waya, na ukuaji wake wa haraka hudai ukaguzi wa mara kwa mara. Walezi wa Taiwan na Indonesia wameupa heshima kubwa, nasi tunao kwenye fukwe zetu. Mzeituni mwitu ufungwe matawi yakiwa na mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa yakikomaa hukaidi kisha hukatika.

Mkono wenyewe

Mbinu ya kuzungusha waya haina ubishi mkubwa, na wengi huifahamu: anza kwenye shina, nenda tawi kubwa hadi dogo, na mzunguko ukae kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Waya uliolala sana hauna nguvu, uliosimama sana huteleza. Yapo mambo matatu ambayo hupuuzwa na ndiyo yanayoamua matokeo.

La kwanza ni nanga. Waya usioshikizwa hausukumi kitu. Ndiyo maana waya mmoja hugawanywa kwa matawi mawili ya unene unaokaribiana, ukizungukwa kwenye shina kati yake angalau mara moja. La pili ni mahali waya unapopita kwenye kona. Uwe upande wa nje wa mkunjo, pale nyuzi zinapovutwa na kuweza kupasuka. Tawi likihitaji kusokotwa, lisokotwe kufuata uelekeo wa mzunguko, kwa sababu kinyume chake waya hulegea. La tatu ni maji: mti ulioachwa siku moja bila kumwagiliwa una matawi yanayokubali zaidi kuliko ulioshiba. Hili lisifanywe kwa mti ulionyauka au mgonjwa, ambao haufai kufungwa kabisa. Wala mti usifungwe siku unayouhamisha chungu, kwani mizizi isiyoshika udongo hutikiswa na kila msukumo wa mkono.

Tawi nene hukingwa kwanza. Wajapani hutumia nyuzi za mwale zilizolowekwa, zikafungwa kwa nguvu ili zikikauka zibane nyuzi za mbao zisiachane. Katani hufanya kazi hiyo vizuri, na ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli pia. Mkunjo mkubwa ugawanywe kwa wiki kadhaa. Ukisikia mlio mdogo, simama. Mpasuko ambao gome lake bado limeungana upande mmoja hupona ukifunikwa na kuachwa hapo ulipo.

Mizani

Katika ubishi wa shaba na alumini, kila upande una mti wake. Kwa miti inayoshika polepole na kunenepa polepole, shaba inastahili bei yake: inakaa muda mrefu, inashika kwa unene mdogo, na haitarajiwi kutolewa na kurudishwa kila baada ya wiki kadhaa. Kwa fikasi na ndugu zake, nguvu hiyo haina kazi. Waya utakaotolewa baada ya mwezi na nusu unapaswa kuwa laini, wa bei ndogo na rahisi kukata, na hiyo ni alumini. Anayemwambia mwanafunzi wa Dar es Salaam kwamba bila shaba hawezi bonsai anamtwika gharama isiyo na faida kwa mti wake.

Ubishi wa waya na mkasi ni mzito zaidi, na hapa hoja ya Guangzhou ina uzito kuliko inavyopewa katika maeneo yetu ya joto. Katika nyanda za chini, mkasi uwe chombo kikuu na waya uwe wa kuweka uelekeo wa kwanza wa matawi machanga, kisha uondoke. Mpangilio huu unapunguza makovu na unatumia kile ambacho hali yetu ya hewa inatoa kwa wingi, yaani ukuaji. Tunachopoteza ni haraka: picha ya mti uliokamilika haitapatikana katika msimu mmoja, na mwenye kutaka kuuza au kushindana ataiona hasara hiyo. Kwenye miinuko, kwa mwenye mwangati, waya unabaki kuwa kiini cha kazi, na kalenda za Wajapani zinakaribia ukweli zaidi, ingawa bado zinahitaji kupimwa.

Kuna kundi ambalo hesabu hii hailipi jibu rahisi: fikasi nzee yenye tawi nene lililoota vibaya. Waya utaliumiza kabla haujalishusha, na mkasi utaondoa miaka ya ukuaji. Kuvuta kwa kamba, polepole, kwa mwaka au zaidi, ndiko kunakobaki, na kama pembe haibadiliki, kulikata na kuanza upya ni uamuzi bora kuliko kung'ang'ania.

Kwa upande wa fedha, anayeanza akiwa na uwezo wa kununua kifaa kimoja tu kizuri anunue kikata waya chenye ncha butu kabla ya kuongeza rola la pili la waya. Kwa plaizi ya kawaida mtu hushindwa kufika kwenye mzunguko uliolala juu ya gome bila kulikwaruza, hivyo huahirisha, au huufungua waya kwa kuuzungusha kinyume na kuvunja tawi lilelile alilolilea. Kikata waya hukata kila mzunguko peke yake, vipande vikaanguka, na kazi ya kutoa ikawa ya dakika chache jioni ileile alama inapoonekana.